Sura ya Saba: Mashine Iliyoanguka Ikaamka

Ilianguka mara moja tu, kutoka kimo cha kiuno cha mtu. Ilikuwa ndani ya kompyuta, kompyuta ndani ya gunia, gunia juu ya keria ya baiskeli, na baiskeli ilikuwa ikisukumwa kutoka stesheni ya Kabongo kuelekea kwenye chumba changu cha kazi. Mzigo ulikuwa umesafiri kwa treni toka Lubumbashi, ukapita Likasi, Bukama na Kamina bila jambo. Hatua mia chache za mwisho ndipo kamba ilipolegea. Kijana aliyekuwa akisukuma alishtuka kuliko mimi. Tukalifungua gunia palepale njiani. Kasha la kompyuta lilikuwa limebonyea kona moja, kidogo tu, kama sufuria iliyogongwa kwenye jiwe.

Tulipofika nikawasha jenereta, nikaichomeka. Ikawaka. Nikabonyeza kitufe, trei ikatoka, ikarudi ndani. Nikaweka CD ya nyimbo, ikaimba. Kijana akashusha pumzi, akaniambia, "Iko natumika, papa, iko natumika muzuri." Nikamlipa hela yake yote, nikamshukuru Mungu, nikaisahau ile kona.

Mashine ninayoizungumzia ni ile inayoandika kwenye CD na DVD. Huku Katanga tunaiita gravere, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa; ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita raita, na kazi yake wanaiita kuchoma. Mimi huyachanganya maneno hayo kutwa nzima, na nitayachanganya humu pia.

Wiki chache baada ya ajali ile, familia moja iliniletea kaseti sita. Ilikuwa sauti ya babu yao, marehemu, akitaja vizazi vya ukoo, akieleza nani alihama kutoka kijiji gani, na kwa nini. Msomaji asiyeijua Kabongo anahitaji kuelewa uzito wa kaseti hizo. Hapa ni mahali pa ufalme wa Waluba. Wakati wa utawala wa Wabelgiji ufalme huo uligawanyika, upande mmoja ukabaki na jina la Kabongo na mwingine la Kasongo Niembo. Zamani historia yake ilitunzwa na chama cha Mbudye, na wajuzi wao, bana balute, walikuwa na ubao wa mbao unaoshikika mkononi, uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga na kauri. Waliusoma kwa kupitisha kidole juu yake: rangi ya shanga, ukubwa wake na mahali ilipokaa vilimkumbusha msomaji majina ya wafalme, safari zao na maeneo yao matakatifu. Mwaka 1996 mbao hizo na kazi nyingine za Waluba zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa yaliyohusu kumbukumbu. Kwetu, basi, mzee anayekaa chini na kuhesabu ukoo anafanya kazi yenye heshima ya kale, na anayeitunza sauti yake ameipokea sehemu ya heshima hiyo.

Nilizipokea kaseti, nikazicheza moja baada ya nyingine, nikaiingiza sauti kwenye kompyuta, nikaichoma kwenye CD nne. Kila nilipomaliza CD moja, programu ilifungua trei, ikaifunga tena, ikailinganisha CD na faili za kwenye kompyuta, kisha ikaandika kwamba kila kitu ni sawasawa. Familia ikafurahi. Kaseti zikapewa kwaya ya akina mama, wakarekodi nyimbo zao juu yake, maana kaseti nzuri zilikuwa adimu. Nami nikafuta faili kwenye kompyuta, kwa sababu diski yake ilikuwa ndogo na harusi zilikuwa zinasubiri.

Miezi minane baadaye mota ya gravere ile ilikufa. Nikanunua nyingine, nikaitupa ya zamani. Siku mjukuu alipozileta zile CD ili ndugu zake wa Lubumbashi watengenezewe nakala, gravere mpya ilizikataa. Nikajaribu kwenye deki ya DVD, ikazungusha, ikazungusha, ikasema hakuna diski. Nikajaribu kompyuta ya jirani. CD ya kwanza ilifunguka, ikaonyesha majina ya faili, ikaganda. Zilizobaki hazikuonyesha hata majina.

Nimeandika sura hii kwa sababu ya CD nne hizo.

Kosa langu lilikuwa kuiuliza mashine iliyoumia kama imeumia, na kuliamini jibu lake. Ili uone kwa nini jibu hilo halikuwa na thamani, lazima tuingie ndani ya gravere na tuangalie kazi yake ni nyembamba kiasi gani.

CD ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Juu yake kuna njia moja tu, inayojizungusha kama gamba la konokono kutoka karibu na tundu la katikati mpaka ukingoni. Ukiweza kuinyoosha njia ya CD ya dakika 80 utapata kamba ya karibu kilomita 5.7, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Mzunguko mmoja na unaoufuata vimeachana kwa mikromita 1.6, na mikromita ni sehemu moja kati ya 1,000 za milimita. Unywele wa kichwa chako ukilala juu ya CD, unaifunika mizunguko zaidi ya 30. Kwenye DVD nafasi ni ndogo zaidi, mikromita 0.74. Na diski haitulii. Ikisomwa kwa kasi ya 52, inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, huku ikipanda na kushuka kama karai lililopinda.

Kinachofuata njia hiyo ni lenzi ndogo, kubwa kidogo kuliko punje ya dengu. Haikufungwa kwa skrubu. Imening'inia hewani kwa nyaya nyembamba, mara nyingi nne, zinazofanya kazi ya springi. Pembeni yake kuna koili na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, lenzi inavutwa juu, chini au upande, maelfu ya mara kwa sekunde, ili nukta ya leza isitoke kwenye njia. Kichwa kizima kilichobeba lenzi hiyo kinateleza juu ya reli mbili za chuma, kikisukumwa na skrubu ndefu au gia za plastiki.

Sasa fikiria kitu kama hicho kikidondoka kutoka kwenye baiskeli. Kasha la chuma halivunjiki. Ubao wa elektroniki, mara nyingi, haukatiki. Lakini zile nyaya zinazobeba lenzi zinaweza kupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, na reli moja ikasogea kidogo tu kutoka mahali pake. Tangu siku hiyo leza haiipigi diski wima, inaipiga kwa mshazari. Nukta iliyotakiwa kuwa duara inakuwa kama yai.

Hata hivyo mashine itaendelea kuandika. CD tupu inatoka kiwandani ikiwa tayari ina mfereji wa kuongoza leza, kwa hiyo gravere iliyopinda haipotei njia. Inaandika mahali panapostahili, ila alama zake zinakuwa na kingo zilizofifia, nyingine ndefu kupita kiasi, nyingine fupi. Ikizisoma yenyewe, inazisoma kwa mshazari uleule ilioziandikia, na mara nyingi inafaulu. Ni kama mtu mwenye mwandiko mbovu. Daftari lake analisoma bila kukwama. Barua yake ikifika kwa shemeji Likasi, ukoo wote unakusanyika kuitegua. Na kadiri mwenye mwandiko anavyozeeka, ndivyo siku inavyokaribia ambapo yeye mwenyewe hatausoma.

Ndiyo maana naiogopa zaidi gravere iliyoanguka ikaamka kuliko ile iliyoanguka ikafa. Iliyokufa inakupa hasara ya bei yake, basi. Iliyoamka inaweza kuchukua harusi kumi, mazishi matatu na sauti ya mzee kabla hujajua.

Tuseme basi gravere yako imeanguka, au imesafiri vibaya, au mtoto ameikalia trei. La kwanza, usiiwashe. Najua mkono unawasha, wangu uliwasha. Iache ikae saa kadhaa, na kama imesafiri usiku, iache mpaka kesho. Katikati ya kiangazi, Juni na Julai, usiku wa Katanga ni baridi kweli, na chuma kilicholala kwenye behewa kinafika kikiwa baridi vilevile. Ukikiingiza kwenye chumba chenye joto la watu na mvuke wa chai, unyevu wa hewa unakuwa umande juu yake, na umande hauchagui. Unakaa hata juu ya lenzi. Wakati wa masika ongeza muda, kwa sababu gunia lenyewe huenda lilinyeshewa.

Ikishatulia, itoe kwenye kasha la kompyuta, ishike kwa mikono miwili, iinamishe polepole kushoto na kulia karibu na sikio lako. Gravere nzima hutoa mlio mmoja laini, wa kichwa kuteleza kidogo au wa kibanio cha diski kucheza kwenye nafasi yake. Ukisikia kitu kikibiringika na kugonga, ujue kuna skrubu au kipande cha plastiki kimeachia, na mpaka kipatikane usiipe umeme, kwani chuma kidogo juu ya ubao wa elektroniki kinatosha kuiunguza. Halafu iweke juu ya meza iliyonyooka, hata juu ya kipande cha kioo. Ikichezacheza kama kiti chenye mguu mfupi, kasha lake limejipinda, na kila kilichofungwa ndani kimejipinda nalo.

Mbele ya gravere nyingi kuna tundu dogo. Nyoosha klipu ya karatasi, ichomeke humo taratibu, trei itachomoza kidogo. Imalizie kwa vidole. Hapa ndipo vidole vinajua mambo ambayo mota haiwezi kukuambia, maana mota ina nguvu na huipeleka trei hata palipo na kikwazo. Ivute na kuirudisha mara tatu. Inatakiwa kwenda kwa uzito uleule toka mwanzo hadi mwisho. Ikigoma mahali pamoja kila mara, jino la gia limekatika au reli ya plastiki imepasuka. Gravere nyembamba za kompyuta za kupakata zinahitaji tahadhari ya pekee: ndani ya nyingi kati yake, kichwa cha leza chenyewe kimekaa juu ya trei, na kinatoka nayo nje. Mtoto akiegemea trei hiyo, ameegemea lenzi.

Kufungua kasha la gravere ni skrubu nne chini yake, na si lazima kwa kila mtu. Kama hujawahi, mpelekee fundi. Ukifungua, kumbuka mambo mawili. Mwili wako unabeba umeme tuli, hasa wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu, na leza ni kifaa kinachokufa kwa cheche usiyoisikia. Gusa kwanza chuma kinachogusa ardhi. Na usiipe umeme ikiwa wazi ukiwa umeikodolea macho. Leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780, jicho karibu haliioni kabisa, lakini inapochoma ina nguvu ya kuunguza rangi ya diski, na pazia la jicho lako ni laini kuliko rangi hiyo.

Mulika lenzi kwa tochi ndogo kutoka pembeni, si kutoka juu. Ukimulika toka pembeni, kivuli kinakuonyesha kama imekaa sawa na sakafu yake. Nilipojifunza kufanya hivyo nilikuwa na gravere mbili mezani, moja nzima na moja iliyodondoshwa. Ile nzima, lenzi yake ilikuwa kama kikombe juu ya sahani. Ya pili ilikuwa imeinamisha upande mmoja, kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba nilizima tochi, nikaiwasha tena, nikazungusha meza nzima ili nipate uhakika. Nilipopuliza hewa kwa bomba la mpira, ile nzima ilitikisika ikarudi mahali pake. Iliyoinama ilitikisika ikarudi kwenye kuinama kwake. Usijaribu kuinyoosha kwa kidole. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kupima kipimo hicho. Kama kuna vumbi tu, pamba kavu na safi, au yenye tone la spiriti, ikigusa kwa uzito wa unyoya, inatosha.

Sasa unaweza kuiwasha, na uwashe kwa umeme unaouamini. Kabongo tunaishi kwa jenereta na sola, na hapa nimeona gravere nyingi zikihukumiwa kifo bila kosa. Mota yake inakula volti 12, elektroniki zake volti 5. Jenereta ikishuka kwa sababu jirani amewasha friji, leza inapungua nguvu katikati ya kuchoma, na CD inaharibika sawasawa na CD ya gravere iliyopinda. Jaribu kwa umeme mwingine, hata kwa kompyuta nyingine, kabla ya kutoa hukumu.

Sikiliza inavyoamka. Mlio mfupi wa kichwa kurudi katikati, kimya, basi. Ikigonga tak, tak, tak, bila kukoma, kichwa kinaupiga mwisho wa reli kwa sababu hakijui kilipo. Weka diski usiyoijali, iache izunguke dakika chache, kisha itoe uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Mikwaruzo inayokwenda huku na huku ni ya vidole na ya maganda. Mkwaruzo wa duara kamili, unaofuata mzunguko wa diski, umetengenezwa na kitu kilichomo ndani ya mashine.

Kisha ndipo linakuja jaribio la kusoma, na mpangilio wake una maana. Anza na CD iliyotoka kiwandani, ambayo alama zake zimegandamizwa kwenye plastiki na inarudisha mwanga kwa nguvu. Mimi natumia Missa Luba. Misa hiyo ni ya kwetu: iliimbwa Kamina mwaka 1958 na watoto na walimu wa kwaya ya Padre Guido Haazen, Les Troubadours du Roi Baudouin, ikatolewa kwenye santuri na kampuni ya Philips. Miaka 24 baadaye, mwaka 1982, kampuni hiyohiyo pamoja na Sony ndizo zilizoileta CD duniani. Kila nikipima mashine, sauti za watoto wale wa Kamina ndizo za kwanza kuingia chumbani, na mpaka leo huwa nanyamaza kidogo Sanctus inapoanza.

Lakini gravere iliyoumia itaisoma CD ya kiwandani bila taabu, kwa hiyo usisimame hapo. Weka CD iliyochomwa na mashine nyingine, unayoijua kuwa nzima. Halafu weka CD-RW, ile inayofutika na kuandikwa tena. CD-RW inarudisha mwanga kidogo sana ikilinganishwa na ya kiwandani, na leza iliyochoka au lenzi iliyoinama itaanza kupapasa hapo. Soma diski nzima, usiridhike na faili tatu za mwanzo. CD huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi. Mshazari mdogo ambao hauonekani katikati unajitokeza huko. Programu za kupima kasi huchora mstari. Kwenye mashine nzima mstari unapanda taratibu kuanzia ndani hadi nje, kama barabara ya mlima. Ukiuona ukidondoka kama meno ya msumeno, hasa mwishoni, mashine imekwama, imepunguza kasi, ikajaribu tena.

Fanya yote hayo kwa CD, kisha yarudie yote kwa DVD. Wengi wanapima moja na kuamini zote. Leza ya DVD ni tofauti, yenye mawimbi ya nanomita 650, na njia zake zimebanana zaidi ya mara mbili. Gravere inaweza kubaki hodari kwa CD na kuwa kipofu kwa DVD, kutokana na anguko lilelile.

Kuchoma ni jaribio la mwisho, na gharama yake si kubwa ukitumia diski inayofutika. Kabla ya kuandika chochote, gravere hujipima: inakwenda kwenye eneo dogo karibu na katikati ya diski, inaunguza alama za majaribio kwa nguvu mbalimbali, inazisoma, inachagua nguvu inayofaa. Ikishindwa, programu itakuambia kwamba upimaji wa nguvu ya leza umefeli. Ujumbe huo ukitokea kwa diski moja, laumu diski. Ukitokea kwa diski za aina tatu, laumu leza au lenzi. Ikikubali, jaza diski mpaka ukingoni. Usichome faili moja ya nyimbo ukasema imefaulu. Jaribio hilo lifanye pia kwa CD ya kawaida isiyofutika, kisha igeuze uitazame. Sehemu iliyoandikwa ina weusi tofauti na sehemu tupu, na weusi huo unapaswa kuwa wa aina moja toka ndani hadi nje. Mikanda ya weusi na weupe inayopokezana inakuonyesha mahali ambapo mkono wa mashine ulitetemeka.

Hapo ndipo mimi nilipokomea zamani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Itoe diski. Ipeleke kwenye mashine nyingine, iliyo nyumbani kwa mtu mwingine, ya kampuni nyingine ukiweza. Nakili kila kitu kutoka kwenye diski kwenda kwenye kompyuta hiyo, kisha linganisha na faili za awali. Iko hesabu iitwayo md5, ambayo kila kompyuta inaweza kuifanya. Inalisoma faili lote na kukupa mfuatano wa herufi na tarakimu 32. Herufi moja ya faili ikibadilika, mfuatano wote unabadilika. Andika mfuatano wa faili la asili kwenye karatasi, utembee nao mpaka kwa jirani, ulinganishe. Naifanya kazi hiyo kwa kalamu na daftari, na wateja wangu wamezoea kunisubiri.

Mwenye gravere inayoweza kutoa hesabu za makosa anaweza kuona zaidi. Kila CD ina makosa madogo, hata ile nzuri kabisa, na mashine inayasahihisha yenyewe kwa ngazi mbili ziitwazo C1 na C2. Kanuni ya CD inaruhusu wastani wa makosa ya C1 yasiyozidi 220 kwa sekunde, lakini diski iliyochomwa vizuri huwa chini sana ya hapo. C2 inatakiwa iwe sifuri. Programu kama Nero CD-DVD Speed kwenye Windows na QPxTool kwenye Linux huchora makosa hayo, japo si kila gravere inayakubali. Tena, zipime diski za mashine iliyoanguka kwa kutumia mashine ambayo haikuanguka.

Na rudia baada ya joto. Iache ifanye kazi nusu saa mfululizo, uchome tena. Risasi iliyopasuka chini ya mguu wa kifaa kwenye ubao wa elektroniki hugusana ikiwa baridi, na huachana chuma kinapotanuka. Gravere kama hiyo hufanya vizuri asubuhi, ikaharibu CD ya nne ya siku. Nimeona fundi akibadilisha programu, akibadilisha aina ya CD, akilaumu jenereta, wiki tatu nzima, na mpasuko ulikuwa mwembamba kuliko uzi wa buibui.

Ikifaulu yote, irudishe kazini, ila kwa mwezi wa kwanza usiipe kazi ambayo asili yake itafutwa. Ipe nyimbo ambazo faili zake unazo, ipe picha ambazo mwenyewe anazo kwenye simu. Ikifeli hata jaribio moja la kuchoma, iondoe kwenye kuchoma. Inaweza kubaki ya kusoma tu, na kuna heshima katika kazi hiyo. Usimuuzie mtu bila kumwambia ilianguka.

Zile CD nne za mzee nilizitunza. Kwa miaka kadhaa nilizijaribu kwenye kila mashine iliyopita mezani kwangu, kwa kasi ndogo kabisa, diski moja usiku mmoja. Gravere moja kuukuu ya rafiki yangu wa Kamina ilizikubali kuliko nyingine zote. Ilitoa CD ya kwanza nzima, na dakika 20 hivi za CD ya tatu. Tunamsikia mzee akitaja majina ya ukoo mmojammoja, akikohoa, akiomba maji, akiendelea. Kisha katikati ya jina inakatika. Ya pili na ya nne hazikutoa kitu. Mashine pekee ambayo pengine ingezisoma ni ile iliyoziandika, na ilichohitaji ilikuwa mota tu. Mimi niliitupa.

Kabongo, Kitenge, Kamina, najua nyumba nyingi zina CD za miaka ile kwenye makabati na chini ya magodoro: harusi, matanga, sauti za wazee, kwaya. Rangi iliyounguzwa ndani yake inafifia kwa joto na mwanga, na mashine za kuzisoma zinapungua kila mwaka. Msisubiri. Zipelekeni kwa fundi mnayemwamini zikiwa bado zinasomeka, na kama ile gravere iliyozichoma ingali kwenye kona ya nyumba, hata ikiwa imekufa, mpelekeeni pamoja nazo.